Eti mdalasini unaua hamira? Wifi yangu kakomaa, mi sikubali

#1 Chumvi Kidogo
Habari zenu wadau.

Naenda moja kwa moja. Mkate wa mdalasini wa chapchap, ule unasukuma donge unapaka siagi unamwagia sukari na mdalasini unaviringisha unabeki, hapa kwangu haukai hata siku moja, watoto wanaumaliza ukiwa wa moto. Mi mdalasini nautia ndani ya unga wenyewe, vijiko viwili vya chakula vimejaa, halafu kwenye kuviringisha natia tena, maana nataka jirani ajue leo kuna kitu. Sasa wifi yangu kaja kukaa kwetu, kanikuta nakanda, akaangalia akasema "wifi hapo hamira umeshaiua, mdalasini na hamira haviendi pamoja". Nikacheka. Mkate ukaumuka ila ulichelewa sana, na wifi akawa anapita jikoni kila baada ya muda anainua kitambaa anachungulia anaguna anaondoka.

Mi nasema ni baridi tu, niko Iringa na huu mwezi mnaujua. Yeye anasema ni mdalasini. Mume kakaa kimya kama kawaida yake.

Vipimo vyangu: unga wa ngano vikombe 3, sukari nusu kikombe, hamira ya chenga kijiko kimoja cha chai, yai 1, maziwa kikombe kimoja ya uvuguvugu, siagi vijiko 3, chumvi kidogo. Nani yuko sahihi?

#2 Tumbo Halina Likizo
Nakaa hapa na chai yangu. Wifi dhidi ya mke, hii haiishi leo.

#3 bint_wa_Chake
Wifi yako kasema kweli ila kaongeza chumvi. Mdalasini hauui, unachelewesha. Kwetu Pemba hata mahamri ukizidisha viungo kwenye donge yanakuwa mazito, ndo maana tunatia iliki kidogo tu. Ule ukali wa mdalasini, ile inayokuchoma ulimi, ndo inayoibana hamira. Watu wa zamani walikuwa wanatumia viungo kuzuia vitu visiharibike, kwani hamira si kijidudu pia? Kinachozuia ukungu kinaizuia na yenyewe.

Utie ndani ya mviringo tu, sio kwenye unga. Tatizo kwisha.

#4 Jiko la Mkaa
Vijiko viwili VYA CHAKULA kwenye vikombe vitatu vya unga?? dada hiyo ni dawa ya kifua sio mkate

#5 Fundi Donge
Mi nimefanya kazi bekari miaka mingi ngoja niseme kitu. Wote mnaangalia mdalasini, hakuna aliyeangalia sukari. Nusu kikombe cha sukari ni kama gramu 100. Vikombe vitatu vya unga ni gramu 375 hadi 400 kutegemea unavyochota. Hiyo sukari ni robo nzima ya uzito wa unga. Hamira ya kawaida sukari ikishapita kama asilimia 10 ya unga inaanza kuchoka, kwa sababu sukari inayavuta maji, hamira inabaki na kiu. Watu wanadhani sukari ni chakula cha hamira kwa hiyo ukizidisha ndo inakimbia, hapana, kidogo inaipa nguvu, nyingi inailaza. Bekari tukipika vitu vitamu sana tunaongeza hamira au tunatumia ile hamira maalum ya madonge matamu, ipo, pakiti yake huwa imeandikwa.

Kijiko kimoja cha chai cha hamira kwa sukari yote hiyo ni kidogo. Weka vijiko viwili vya chai na robo hivi, kama gramu 7, halafu kwenye unga weka sukari vijiko vitatu tu vya chakula. Utamu uuache kwenye mviringo.

#6 Chumvi Kidogo
Fundi Donge shukrani, ila mbona siku za joto mkate huohuo, sukari ileile, unaumuka vizuri tu?

#7 Fundi Donge
Joto linaficha makosa dada.

#8 Mzee wa Kibaraza
Vijana mnahangaika na sayansi. Hamira ya siku hizi yenyewe imeshakufa dukani. Pakiti inaning'inia dirishani kwa Mangi jua linaipiga toka asubuhi, ukija kununua unanunua vumbi. Mama yangu alikuwa anatumia tembo la mnazi kuumulia, halikosei.

#9 bint_wa_Chake
Mzee wa Kibaraza hapo kwenye tembo umenikumbusha mbali, ila wengine humu hawaruhusiwi hata kulisikia jina 😅

Kweli lakini, hamira uijaribu kwanza. Maziwa ya uvuguvugu, sukari kijiko kimoja cha chai, nyunyiza hamira usikoroge sana, subiri dakika kumi. Ikipanda povu juu na kutoa harufu iko hai. Ikikaa kimya maji yakawa na rangi ya udongo basi mwaga, usipoteze unga wako.

#10 kipusa254
Sasa mi niko Nairobi na huku shida yangu ni kinyume, yangu inarise haraka sana halafu ikiingia kwa oven inaanguka katikati. Hakuna mdalasini mob, hakuna baridi. Kwani ni nini?

#11 Fundi Donge
kipusa254 hiyo ni mwinuko. Nairobi mko karibu mita 1,800 juu ya bahari, hewa nyepesi, ile gesi ya hamira inatanuka bila kizuizi, donge linakimbia kabla halijapata nguvu. Punguza hamira kidogo, usiliache liongezeke mpaka mara mbili, likifika mara moja na nusu hivi liingize motoni. Bonyeza kwa kidole, shimo likirudi taratibu likabaki na alama ndogo, tayari. Likibaki shimo kabisa umechelewa.

#12 Njombe Baridi
Ngoja ngoja. Fundi Donge, kwa maelezo hayo basi Iringa nako juu, si ndo mkate wa mleta uzi ungewahi kuumuka? Na mimi Njombe niko juu kuliko Nairobi na mkate wangu mwezi wa saba unalala mpaka unakoroma.

#13 Fundi Donge
Vitu viwili vinavutana. Mwinuko unaharakisha, baridi inachelewesha. Njombe mwezi wa saba baridi inashinda, hilo sibishi.

#14 Njombe Baridi
Asante. Kwa hiyo mleta uzi kashinda, ni baridi. Tufunge uzi.

#15 Tumbo Halina Likizo
Haufungwi uzi hapa, chai bado haijaisha

#16 Jiko la Mkaa
Kwa wenye baridi, donge lisikae mezani. Chemsha maji sufuria kubwa, zima moto, weka wavu au mawe mawili, juu yake bakuli la donge, funika. Ule mvuke unatosha. Au ndani ya oveni imezimwa na bakuli la maji moto chini. Mi sina oveni natumia njia ya sufuria.

Halafu kuna mtu atauliza kubeki bila oveni kwa hiyo naweka hapa kabisa. Sufuria kubwa nzito, mchanga mkavu uliochekechwa kama vidole viwili kwenda juu, upashe moto kwanza dakika kumi na tano. Mkate ukae kwenye chombo kingine kidogo kilichopakwa mafuta na karatasi chini, usiguse mchanga. Funika na mfuniko bapa. Makaa chini machache, juu mengi. HAPA NDO WENGI WANAHARIBU, wanaweka moto mkali chini kama wanapika maharage, na huu mkate una sukari, ile sukari ya mviringo inayeyuka inashuka chini inaungua, unapata mkate mweusi chini mbichi juu. Makaa ya chini yawe kama theluthi tu. Nusu ya muda geuza chombo, upande uliokuwa kulia uje kushoto. Dakika thelathini mpaka arobaini inategemea makaa, ukiona juu umekuwa kahawia na unanukia, toa, ugeuze, gonga kitako na kucha. Ukilia kama mlango mtupu umeiva.

Na msitumie kijiti kama mnavyofanya kwenye keki. Kijiti kikipita kwenye mviringo kinatoka na sukari imegandia, unadhani mbichi unaendelea kuunguza.

#17 kipusa254
Hii ya kugonga naibeba. Thanks.

#18 Mama Pacha
Mi swali langu, kwa nini nikikata mkate naona shimo kubwa, mviringo umeachana, juu paa, chini sakafu, katikati mtu anaweza kupanga chumba?

#19 bint_wa_Chake
Mama Pacha umepaka siagi nyingi. Siagi inazuia tabaka zisishikane, halafu ikipata moto inatoa mvuke unasukuma paa juu. Paka ute wa yai badala ya siagi, mwembamba, halafu nyunyiza sukari uliyochanganya na mdalasini na kijiko kimoja cha unga wa ngano. Ute unagundisha, ule unga unanyonya majimaji. Viringisha kwa kukaza lakini usiuvute.

#20 Fundi Donge
Naongezea kwa bint_wa_Chake: inawezekana pia uliuacha uumuke kupita kiasi kwenye chombo.

#21 Mama Pacha
Mi nimepaka siagi kwa sababu mleta uzi kasema siagi 😒

#22 Chumvi Kidogo
Mama Pacha usinitupie, wangu hauna shimo. Unachelewa tu.

#23 Daktari Hajulikani
Nilikuwa napita tu lakini vijiko viwili vya chakula vimenisimamisha. Mdalasini uko wa aina zaidi ya moja. Ule mwingi unaouzwa umesagwa kwenye pakiti kutoka nje ni kasia, na kasia ina kitu kinaitwa kumarini ambacho kikizidi kwa muda mrefu kinaweza kusumbua ini kwa baadhi ya watu. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya iliweka kiwango cha miligramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito wako kwa siku. Mtu wa kilo 60 ni miligramu 6. Kasia inatofautiana sana lakini kwa makadirio ya Wajerumani, gramu 2 za kasia kwa siku zinamfikisha hapo mtu mzima wa kilo 60. Kijiko cha chai ni kama gramu mbili na nusu. Mtoto wa kilo 15 hesabu mwenyewe.

Sio kwamba ukila mkate leo kesho unalazwa. Kiwango ni cha kula kila siku maisha yako yote, kuzidisha siku moja moja sio ishu. Ila mwenye matatizo ya ini na watoto wadogo wanaokula kila siku, muwe waangalifu.

#24 Mzee wa Kibaraza
Haya sasa mdalasini nao unaua. Kila mwezi kinatajwa chakula kinachoua.

#25 mtu_wa_Muheza
Daktari Hajulikani kasema vizuri ila aongeze kwamba wa kwetu sio kasia. Huku Amani juu, na vijiji vya Muheza, tunalima mdalasini ule wenyewe, na Zanzibar pia, ni wa jamii ya Sri Lanka na kumarini yake ni kidogo sana, haifiki kokote. Kuutambua rahisi. Ukinunua gome usinunue unga. Wetu ni mwembamba kama karatasi, umeviringishwa matabaka mengi ndani kwa ndani, ukiuminya unavunjika vidoleni. Kasia ni gome nene gumu tabaka moja, limejikunja kutoka pande zote mbili, ukitaka kulisaga kwa blenda utaomba msamaha blenda.

Na usage mwenyewe siku hiyohiyo. Mdalasini wa pakiti uliokaa mwaka kazi yake ni rangi tu.

#26 Jiko la Mkaa
Si ndo asili yake hapa, mdalasini umeanzia Zanzibar ukaenda duniani

#27 mtu_wa_Muheza
Hapana mkuu. Asili ya huu wa kwetu ni Sri Lanka, huku uliletwa ukapandwa. Kama karafuu nayo, watu wanadhani imezaliwa Pemba wakati asili yake ni visiwa vya Maluku kule Indonesia na Zanzibar imeingia karne ya 19. Mdalasini unapenda huku ndo maana umestawi, ndege wanakula zile mbegu wanazitawanya msituni unajiotea. Shelisheli umeota mpaka umekuwa kero misituni.

#28 bint_wa_Chake
Naomba asiiguse karafuu yangu huyu.

#29 Stoko Mtaa wa Pili
Salamu kutoka Sweden. Mmenifurahisha. Huku mdalasini ni kama dini, kuna siku yao kabisa ya maandazi ya mdalasini, tarehe 4 Oktoba, toka 1999. Wanayaita kanelbullar. Na kinachonifurahisha mimi mtu wa Tanga ni kwamba donge lao wanatia ILIKI, ya kusagwa chenga kubwa. Siku ya kwanza nimenusa nikajikuta nimesimama mlangoni kwa watu, nilidhani kuna mtu anakaanga mahamri.

Sasa kwa swali la mleta uzi, hawa mdalasini hawatii kwenye donge. Unakaa kwenye mviringo tu na siagi. Donge linakuwa na iliki. Sijui kama ni kwa sababu ya hamira au ni mazoea yao, nimeuliza watu wazima hapa hakuna aliyenipa jibu, wanasema ndivyo inavyofanywa.

Na Daktari, Umoja wa Ulaya wana sheria ya kumarini kwenye vitafunwa, miligramu 15 kwa kilo kwa vya kila siku na 50 kwa vile vya jadi na vya msimu. Jirani zangu Wadenmark walizozana sana maana andazi lao la mdalasini halijulikani ni la kila siku au la jadi.

#30 Mzee wa Kibaraza
Yani Ulaya wanapimia mdalasini miligramu na mleta uzi anatia kwa kijiko cha ugali 😂😂

#31 Chumvi Kidogo
Mniache. Kijiko cha chakula sio cha ugali.

#32 Stoko Mtaa wa Pili
Kitu kingine cha kulainisha nimejifunza huku, japo ni cha Waasia. Chukua vijiko viwili vya unga kwenye hicho hicho kikombe cha maziwa, robo yake hivi, pika uji mzito, upoe, changanya kwenye donge. Mkate unabaki laini mpaka kesho kutwa. Ule uji unashika maji mengi unayaficha ndani.

#33 Mama Pacha
Kesho kutwa? Nyumbani kwako mkate unafika kesho kutwa?

#34 Wifi Mwenyewe
Nimejiunga leo kwa ajili ya huu uzi. Shemeji yake kanitumia. Mimi ndo wifi.

Kwanza sikuguna. Pili, mleta uzi hajawaambia kitu. Maziwa yake sio uvuguvugu. Anayachemsha mpaka yanapanda, anayamimina kwenye bakuli, anahesabu kichwani kidogo, anatia hamira. Mi nimesimama pale nimeona moshi unatoka. Nikamwambia wifi hayo ya moto, akasema hamira inapenda joto. Ndo nikasema basi na mdalasini wote huo umeiua kabisa. Mimi sikusema mdalasini peke yake.

#35 Tumbo Halina Likizo
SHAHIDI KAINGIA MAHAKAMANI

#36 kipusa254
Wueh. Niko hapa nacheka kwa mat watu wananiangalia.

#37 Fundi Donge
Hii inabadilisha mambo. Hamira inapenda joto la mwili wako, 37 hivi mpaka 40, ukifika 55 kwenda 60 inakufa. Chovya kidole kidogo, usisikie baridi wala moto. Ukihesabu moja mbili ukatoa kidole, bado.

Lakini wifi nisamehe, ingekuwa maziwa yameiua, mkate usingeumuka kabisa. Mleta uzi kasema umeumuka umechelewa. Labda ilikufa nusu. Mi bado nipo kwenye sukari.

#38 bint_wa_Chake
Na mimi bado nipo kwenye mdalasini. Kijiko kimoja cha chai kwenye unga hauoni tofauti, vijiko viwili vya chakula utaona.

#39 Chumvi Kidogo
Wifi karibu jukwaani, chumba chako kiko hatua tano kutoka nilipo ungeniambia tu. Maziwa yalikuwa yamepoa, ule ulikuwa mvuke wa baridi la Iringa, hata mtu akipumua unaona moshi.

#40 Wifi Mwenyewe
Sawa wifi.

#41 Njombe Baridi
Hiyo "sawa wifi" mimi naijua maana yake.

#42 Mwanafunzi wa Kanda
Jamani mi siwezi kusubiri kuumuka, nina watoto wawili na zamu ya asubuhi. Hakuna wa bila hamira? Wa chapchap kweli sio chapchap ya saa tatu.

#43 Mama Pacha
Upo. Bekingi pauda. Vikombe viwili vya unga, vijiko viwili vya chai vya bekingi pauda, chumvi nusu kijiko, sukari nusu kikombe, changanya. Pembeni yai moja, maziwa kikombe kimoja, mafuta robo kikombe. Mimina kwenye vikavu, koroga mara chache mpaka uache kuona unga mkavu BASI, mabonge yabaki. Ukikoroga sana unakuwa mgumu wa kuvutika. Mimina nusu kwenye chombo, nyunyiza sukari na mdalasini, mimina iliyobaki, nyunyiza tena juu, pitisha kisu uchore mawimbi. Oveni 180, dakika arobaini hadi hamsini. Huu ndo kijiti kinafaa, choma pembeni pembeni pasipo na sukari.

Kwa huu mdalasini tia hata kwa mkono wazi, hakuna hamira ya kuua hapo.

#44 Daktari Hajulikani
Mkono wazi tena. Haya.

#45 Mwanafunzi wa Kanda
Nina magadi ya keki tu sina bekingi pauda. Sawasawa?

#46 Fundi Donge
Hapana, hayo peke yake hayafanyi kitu yasipokutana na kitu kichachu, na utasikia ladha ya sabuni. Kama unayo hayo, badala ya maziwa fresh weka mtindi au maziwa ya mgando, nusu kijiko cha chai cha magadi kwa vikombe viwili vya unga. Ukishachanganya peleka motoni palepale, usiende kujibu simu, ile gesi inatoka ukiongea.

Na mwenye bekingi pauda asiyejua kama bado nzuri, tia kijiko kwenye maji moto, ichemke. Isipochemka tupa.

#47 Mzee wa Kibaraza
Huo wa Mama Pacha ni keki. Msiite mkate.

#48 Mama Pacha
Mzee, mkate wa kumimina nao tuuite nini basi? Unamiminwa, mtamu, na watu wote wanauita mkate.

#49 bint_wa_Chake
Mama Pacha usimguse mkate wa kumimina, ule ni mchele na tui na unaumuliwa, ni mambo mengine kabisa. Ila kwenye hili niko na wewe, kikiwa kwenye chombo cha mkate kikakatwa vipande mi nakula, siulizi jina.

#50 mtu_wa_Muheza
Nyie mnaogombana, kuna mtu kajaribu kutia karafuu kidogo sana na pilipili manga kwenye sukari ya mviringo? Ncha ya kisu tu. Mdalasini unaamka.

#51 Jiko la Mkaa
Karafuu ndo inaua hamira zaidi kuliko mdalasini mi nilivyosikia

#52 bint_wa_Chake
Mmerudi kwenye karafuu yangu.

#53 Njombe Baridi
Wadau, nimefanya hivi jana maana huu ubishi umeninyima usingizi. Donge moja, sukari kama alivyosema Fundi Donge, vijiko vitatu, maziwa nimechovya kidole. Nimeligawa mara mbili kwa mizani. Moja nimetia mdalasini wa pakiti kijiko kimoja cha chakula, jingine tupu. Mabakuli yanayofanana, nimeyaweka karibu na jiko la kuni kwenye kona ileile. Baada ya saa moja la tupu limepanda limefika ukingoni. La mdalasini limepanda lakini limebaki chini, kama vidole viwili tofauti. Nikaendelea kusubiri, na la mdalasini likafika pale pale mwishowe. Mikate yote miwili imeliwa, na watu wamesifu wa mdalasini.

#54 bint_wa_Chake
Asante! Unachelewesha hauui. Post namba 3.

#55 Fundi Donge
Jaribio zuri, nakupa hongera. Ila bakuli lipi lilikuwa upande wa jiko?

#56 Njombe Baridi
...la tupu.

#57 Tumbo Halina Likizo
😂😂😂😂 turudi mwanzo

#58 mtu_wa_Muheza
Na ulisema mdalasini wa pakiti, kwa hiyo ni kasia. Wa kwetu hujaupima. Ukali wake sio sawa.

#59 Chumvi Kidogo
Kwa hiyo hakuna aliyethibitisha kitu. Jumamosi napika, nimemwambia wifi ashike maziwa na mimi nishike unga, mdalasini kwenye mviringo tu kwa sababu NIMECHAGUA, sio kwa sababu nimekubali. Mtu wa Muheza gome lako linafikaje Iringa?

#60 mtu_wa_Muheza
Basi la asubuhi. Njoo inbox.

#61 Wifi Mwenyewe
Mi natia hamira gramu 7 kama alivyosema fundi.

#62 Mwanafunzi wa Kanda
Wa Mama Pacha nimepika, umetoka. Mzee wa Kibaraza ni keki kweli.